Jiwe la Nyuma ya Bafu

Mwanafatuma hakuwahi kumaliza maji ya kuogea. Ndoo ijae au isijae, mvua inyeshe au kisima kikauke, yeye huacha kata moja ya mwisho, akatoka nayo mpaka nyuma ya bafu, akaimwaga chini. Wajukuu walikuwa wakimcheka. Hasina, mke wa mwanawe Swabir, mwanamke mwema lakini mdomo wake hauna pazia, alimwambia siku moja, "Mama, maji haya twayachota mbali, migongo yatukatika, nawe wayanywesha mchanga?" Mwanafatuma akamjibu, "Mchanga nao una kiu," akaingia chumbani kuvaa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu akishafika umri ule huachiwa vituko vyake.

Na ukweli ni kwamba mwanamke huyu alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona, la, ule wa kukaa ndani ya mifupa ukafanya makao. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kushona makuti. Yale mapaa ya Diani ambayo wageni hukaa chini yake wakinywa madafu kwa mrija, mengi yalipita katika vidole vya Mwanafatuma kabla hayajapanda juu, na hakuna mgeni aliyewahi kuinua macho akauliza nani kashona. Sasa vidole vilikuwa vimepinda, mgongo umekataa amri, na bado kila asubuhi alitandika mkeka wake kibarazani akaendelea kushona. Angefanya nini kingine? Kukaa bure kunachosha zaidi.

Hapo kibarazani ndipo habari ilipomkuta. Hasina alirudi kutoka Msambweni sokoni, akatua kikapu, akasema, "Mumesikia? Lile shimo la kampuni kule Mwachipanga linafukiwa. Matingatinga yameshafika Msambweni, yangoja dizeli tu. Watasawazisha kote, kisha wapande mivinje."

"Alhamdulillahi," akasema Jumbe, mume wa Mwanafatuma, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake na magoti yake mabovu ameyanyoosha mbele. "Ng'ombe wa watu wamezama mle kutosha."

Mwanafatuma naye akasema alhamdulillahi, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Lakini mkono ulisimama juu ya kuti, na kuti lile hakulimaliza siku ile.

Mwachipanga ndiko alikoolewa. Ni kijiji kilichokuwa juu ya kilima cha mchanga mwekundu, bara ya Msambweni, na mchanga wake ulikuwa mchanga mtupu: ungelima tangu asubuhi mpaka adhuhuri jembe lisigonge hata kijiwe. Mchanga huo huo ndio uliowaleta watu wa kampuni. Kwanza walikuja na vibendera. Kisha wakaja na mashine za kuchoronga, wakaacha mabomba meupe yametokeza ardhini huku na huku, yenye vifuniko, na watoto wakawa wanayagonga wasikie yanavyolia chini. Mwisho wakasema wanataka kuchimba shimo moja la majaribio, waone kama mchanga ule una faida. La majaribio tu, walisema, na wakalisema kwa upole kabisa. Kwa ajili ya jaribio hilo kijiji kizima kikahamishwa.

Minazi ilihesabiwa, miembe ikahesabiwa, hata mikorosho iliyokuwa haijazaa. Kisha wakauliza habari za makaburi. Ukaitwa mkutano, na kila mwenye mji akasimama kusema ana wafu wangapi. Jumbe aliposimama alisema, "Mimi ninao watatu. Baba yangu, mama yangu, na ndugu yangu." Watatu hao wakachimbuliwa kwa heshima, wakasomewa, wakazikwa upya huku kwenye makao mapya, kando ya barabara ya Lungalunga. Hakuna aliyelalamika. Mambo ya makaburi yalifanywa vizuri, kila mtu alikiri hivyo.

Mwanafatuma siku hiyo alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake, leso imemfunika mdomo. Watatu wa Jumbe aliwajua. Lakini yeye alikuwa na wa nne.

Wa nne hakuwa na kaburi la kuhesabiwa na wazee. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, kabla ya Swabir, aliyezaliwa kabla ya wakati wake na hakulia. Mwachipanga, mtoto wa namna hiyo alikuwa mambo ya wanawake. Wanaume hawakuambiwa, na mwanamume mwenye adabu hakuuliza. Mama mkwe wake Mwanafatuma na mkunga ndio waliomwosha, wakamfunika, wakamzika mgombani, nyuma ya bafu, mahali ambapo maji hutiririka na udongo haukosi baridi. Wakaweka jiwe juu. Mama mtu huachwa alie siku chache, kisha huambiwa asimtaje tena, kwa kuwa aliyekwenda akitajwatajwa humzuia mwenzake kuja. Mwanafatuma alikuwa msichana mdogo bado, tena siku zile alilala na homa kali, hajui mchana wala usiku. Alipopata fahamu, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mama mkwe akamshika mkono akamwambia, "Yuko mgombani, mwanangu, penye jiwe. Usiulize." Hakuuliza.

Lakini kila alipooga, alimmwagia kata ya mwisho. Hilo hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyejua. Akalizoea lile jiwe jinsi mtu anavyozoea uso wa jirani. Lilikuwa jiwe la pwani, jeupe, la matumbawe, lenye tundu lililotoka upande mmoja mpaka wa pili. Swabir alizaliwa, na wadogo zake wakazaliwa, wote wakaogeshwa pale, na kata ya mwisho ikaendelea kwenda mgombani; hata huku kwenye makao mapya, pasipo jiwe, hakuiacha.

Siku ya mkutano angeweza kusema. Maneno yalimfika kooni, wallahi yalimfika. Lakini asimame mwanamke mbele ya imamu, mbele ya wakwe na mashemeji, mbele ya watu wa kampuni na helmeti zao, aseme mimi nina mtoto nyuma ya bafu? Tangu lini? Akanyamaza, akajiambia huenda shimo lisifike pale. Baadaye uzio uliwekwa, kampuni ikachimba, ikapima, ikaona faida hakuna, ikafunga virago ikaenda zake. Uzio ukaanza kuanguka. Bado Mwanafatuma hakwenda. Aliogopa, ndiyo sababu. Maadamu hajaona, mtoto yuko penye jiwe lake. Makuti hayakumchosha kama lilivyomchosha neno hilo moja: huenda. Na sasa matingatinga yakishapita, hata huenda yenyewe haitakuwapo.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Jumbe anakwenda kutafuta makuti makavu.

"Kwa miguu hiyo?" Jumbe akauliza.

"Ulitaka nitumie ya nani? Yako?"

Jumbe akayatazama magoti yake, akacheka kidogo.

Alipanda bodaboda ya Jefwa, kijana wa pale stendi ambaye hachoki kuuliza. "Mwachipanga, mama? Kule si wamebaki majini watupu?"

"Basi nitawasalimia. Endesha taratibu, mgongo huu si wa gunia."

Langoni palikuwa na mlinzi. Jina lake Mutunga, Mkamba wa kutoka upande wa Shimba Hills, mtu mzima mwenye koti la kazi lililofifia mpaka halijulikani lilikuwa rangi gani. Kampuni ilipoondoka ilimwachia funguo na simu ya mtu wa kumpigia, na mtu huyo hapokei tena. Yeye akaendelea kulinda. Aliambiwa alinde, hakuna aliyemwambia aache. Kati ya makontena matupu alikuwa amepanda kunde na mahindi, na kunde zilikuwa zimestawi kweli.

"Mama, hapa hakuna kuingia," alisema akiwa bado mbali. "Hii ni saiti. Ni hatari."

"Kwanza watu husalimiana."

Mutunga akasimama, akajikuna kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sasa sikiliza. Humu unamolinda ndimo nilimoolewa na ndimo nilimozalia. Nataka kuona bafu langu."

"Bafu?"

"Bafu, la kuogea. Kwani wewe huogi?"

Mutunga alimtazama kuanzia ndara mpaka leso, akaona hapa hakuna mwizi wa vyuma. Akafungua mnyororo. "Lakini utanifuata nyuma, mama. Pale ninapokanyaga na wewe ukanyage hapo hapo. Kuna tangi walizika chini, kifuniko kimeibwa. Mtu akiingia mle, hata kumsikia sitamsikia."

Wakaingia. Mwanafatuma alitegemea kwamba atapajua, na hakupajua. Nyumba hakuna, minazi hakuna, njia hakuna. Palikuwa na nyasi za kimo cha kiuno, vyuma vilivyoliwa na kutu, mabomba ya raba yaliyojikunja, na yale mabomba meupe ya kuchoronga yakiwa yamesimama kila upande, mengine hayana vifuniko. Alipita kando ya moja akainama, akasikia hewa baridi inatoka chini. "Yanakwenda mbali?" akauliza. "Mbali sana," Mutunga akasema. "Wamekwenda, wameyaacha. Nani atang'oa?"

Kisha akakiona kisima cha msikiti. Kilikuwa kimefunikwa kwa zege, lakini kilikuwa kile kile, na mara miguu yake ikakumbuka. Alikiacha kisima mkono wa kulia, akapita palipokuwa na mkwaju wa shangazi zake Jumbe, akashuka kidogo, na Mutunga, aliyesema afuatwe, akajikuta yeye ndiye anayefuata. "Pole pole, mama! Ukingo uko karibu! Mama!"

Alikuwa ameshafika. Nyasi zilikoma, na mbele yake palikuwa na shimo. Lilikuwa kubwa kuliko kijiji chenyewe kilivyokuwa, au ndivyo alivyoona, kuta zake nyekundu, na chini kabisa maji ya kijani yaliyotulia. Na pale ukingoni, nusu juu ya ardhi na nusu ikining'inia hewani, palikuwa na sakafu ya bafu lake. Hakuweza kukosea. Jumbe ndiye aliyeipiga saruji mwenyewe, na kabla haijakauka alipachika makombe ya pwani pembezoni ili mkewe asiteleze. Makombe yalikuwapo bado, mengine yamebanduka.

Hesabu yenyewe haikutaka elimu. Mgomba ulikuwa nyuma ya bafu. Nyuma ya bafu sasa palikuwa hewa.

"Nishushe chini," Mwanafatuma akasema.

"Ah-ah! Mama, hapana."

"Mwanangu Mutunga, nimekuja na mgongo huu mpaka hapa. Nishushe."

Mutunga akalalamika kwa Kikamba, akampitisha mbali kidogo, penye mteremko uliokuwa wa malori. Wakashuka wakipumzika, wakashuka tena. Huko chini joto lilikuwa jingine na sauti za juu hazikusikika. Mwanafatuma akatembea kwa kushikilia ukuta mpaka akawa chini ya bafu lake, akainua uso. Tingatinga lilikuwa limekata ardhi wima, kama mkate wa sinia uliopitishwa kisu, na mji wake wote ulionekana kwa ndani. Juu palikuwa na utepe mweusi: jivu la jiko lake, la miaka yote ile aliyopika. Palikuwa na vigae vya mitungi, na mizizi ya minazi iliyokufa ikining'inia. Chini ya hapo mchanga mwekundu, halafu mwekundu hafifu, halafu wa kijivu, na bomba moja jeupe limeachwa limesimama utupu kutoka juu mpaka chini. Alitafuta upande wa mgombani kwa macho, kisha kwa mikono. Alipapasa ukuta ule kama anayetafuta mlango gizani, mchanga ukamwagika katika mikono ya gauni lake. Hapakuwa na mzizi wa mgomba wala jiwe.

Mutunga alisimama kando amevua kofia, bila kujua kwa nini ameivua. "Umepoteza kitu, mama?"

"Ndiyo."

"Dhahabu?"

"Hebu niache."

Akamwacha. Baadaye Mwanafatuma akauliza, bila kugeuka, "Mchanga uliokuwa hapa ulikwenda wapi?"

"Ulipelekwa kwa mashine ukaoshwa. Ule mweusi, wenye madini, ukatiwa kwa magunia, ukapelekwa ng'ambo kupimwa. Ule mwingine ukarudishwa, ukamwagwa huko nyuma."

Akasikiliza yote. Akafikiri juu ya magunia yale, na meli, na mtu wa mbali anayepima mchanga kwenye sahani asijue ameshika nini. Hakulia. Mutunga akamshika kiwiko, wakaupanda ule mteremko.

Mutunga alimkalisha kwenye kivuli cha kontena lake, akamgeuzia ndoo ya rangi awe na pa kukaa, akammiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa. Maharagwe yake yalikuwa yanachemka motoni. Mwanafatuma alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama moto kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa mbele yake. Sufuria ilikaa juu ya mafiga matatu. Mawili yalikuwa mabonge ya zege. La tatu lilikuwa jeusi kwa masizi, ila ubavuni masizi yalikuwa yamebanduka, na chini yake palikuwa peupe. Kuni zikaanguka, moto ukajipanga upya, na ulimi wake ukatokea katikati ya lile figa, kwenye tundu.

Chai ikamwagika.

"Figa lile," akasema. "Umelitoa wapi figa lile?"

"Hili?" Mutunga akafurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Hili niliokota wakati tingatinga inakwaruza juu, siku ya kwanza kabisa. Huku hakuna mawe, mama, wajua. Likaja mbele ya bamba, nikasimamisha dereva, nikasema hilo ni la jiko langu."

"Lilikuwa wapi?"

Mutunga akanyoosha mkono kuelekea shimoni, hewani, juu ya maji. "Pale. Lakini wakati huo pale palikuwa na ardhi."

"Na chini yake? Chini yake uliona nini?"

"Mchanga tu, mama. Na mizizi ya ndizi."

Mwanafatuma alimchukia mtu huyu, alimchukia kwa moyo wote, kwa muda wa kama kupuliza moto. Miaka yote hii anapika maharagwe juu ya mtoto wa watu! Kisha chuki ikamtoka, kwa kuwa hata chuki inataka nguvu. Mtu kaona jiwe kaokota jiwe. Nani alimwambia? Nani alimwambia yeyote?

"Ni langu," akasema. "Lilikuwa la bafuni kwangu. Nalitaka."

Mutunga hakuuliza la nini. Pengine uso wa Mwanafatuma ulimjibu. Akaipua sufuria maharagwe yakiwa hayajaiva, akalivuta lile jiwe kwa jembe, akalimwagia maji. Likalia shhh, mvuke ukapanda, akalimwagia tena, mpaka likawa la kushikika. Pahali pake akaweka kipande cha chuma cha mashine ya kuchoronga, akaisukuma sufuria kuona kama itakaa. "Sijui sasa nitapika kwa upande," akasema. Akalifunga jiwe katika gunia, akalibeba mwenyewe mpaka langoni.

Jefwa alipoliona gunia alikunja uso. "Mama, haya ndiyo makuti? Ni nini hii?"

"Jiwe."

"La nini?"

"La kukusugulia ulimi ukizidi kuuliza. Twende."

Aliliweka mapajani njia nzima. Lilikuwa na joto bado, likamchoma kidogo kupitia gauni, na hakulisogeza.

Jumbe alikuwa kibarazani akimenya muhogo. Mwanafatuma alishuka, akaliburura gunia mpaka penye ngazi, akalifungua, jiwe likabingirika nje. Hakuwa amepanga kusema neno. Alikuwa ameandaa uongo, jiwe la kusugulia miguu. Jumbe akaacha kumenya.

"Umelipata wapi?" akauliza.

Hakuuliza ni nini. Mwanafatuma akasimama na gunia tupu mkononi. "Unalijua?"

"Nisilijue vipi, nami ndiye niliyelileta? Nilipokuwa nikifagia mwani ufukweni kwenye ile hoteli ya Diani. Mama aliniambia, ukirudi kazini niletee jiwe jeupe, zito, kuku asiweze kulisukuma. Nikalifunga nyuma ya baiskeli nikaja nalo. Sikuuliza." Akaweka kisu chini. "Lakini sikuwa mjinga, Mama Swabir. Niliona tumbo, kisha sikuliona."

Kuku walipita kati yao. Ndani, Hasina aliacha kutwanga.

"Na siku ya mkutano?" Mwanafatuma akasema. Sauti yake ilianza chini. "Ulisimama ukasema watatu."

"Nilisema watatu."

"Ukijua ni wanne!"

"Nikijua."

"Jumbe!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tupu tangu waoane. "Ulisimama mbele ya watu ukijua! Wamemchukua na mchanga wao, wamemtia kwenye mashine! Jiwe lake limekuwa figa la mlinzi, limepikiwa maharagwe, na wewe ulijua!"

"Ningesema nini?" Jumbe naye sasa alipaza sauti. "Nimtaje mtoto ambaye mimi sikuambiwa? Ningekuaibisha mbele ya wote. Nilikutazama. Kabla sijasema, niligeuka nikakutazama pale ulipokaa. Nikangoja. Ungeinua kichwa tu, Mama Swabir, kichwa tu, ningesema wanne."

Mwanafatuma akaketi kwenye ngazi, karibu na jiwe. Alikumbuka vizuri mkeka wa siku ile, ukili mwekundu na mweusi, kwa sababu hakuwa ametazama kitu kingine chochote. "Niliinamisha kichwa," akasema, "nikingoja wewe useme."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo, na Hasina akatoka mbio na mchi mkononi, akawaona, akarudi ndani taratibu. Jumbe hakumnyamazisha. Alikaa kwenye kiti chake machozi yakimwingia ndevuni, naye akayaacha.

Baada ya sala ya alasiri Jumbe alichukua mkongojo akaondoka bila kusema. Alirudi amebeba mche wa mgomba aliopewa na Munee, jirani yao Mkamba mwenye shamba la ndizi, na magoti yake yalivyo, mwendo ule mfupi ulimla nusu ya alasiri. Akaenda nyuma ya bafu. Kusimama na jembe hakuweza, kwa hivyo akapiga magoti akachimba kwa panga na mikono. Mwanafatuma alimtazama mpaka akachoka kumtazama, akaja akapiga magoti naye. Wakauweka mgomba, wakashindilia udongo, wakalisukuma jiwe mpaka shinani. Masizi yalikuwa yamewapaka wote wawili. Hapakuwa na mtu chini ya jiwe lile, na wote wawili walilijua hilo.

Mwanafatuma akaingia bafuni kuoga. Alipotoka na kata yake ya mwisho, Jumbe alikuwa angali pale, ameegemea ukuta, hajaweza kuinuka. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kumwona. Akaimimina polepole juu ya jiwe. Maji yakaosha masizi kidogo, yakapita kwenye tundu, yakazama.

Jumbe akakohoa. Ilionekana neno lile linamtoka mbali.

"Mama Swabir," akasema. "Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Mwanafatuma aligeuka na kata tupu mkononi. "Kwani mama hakukwambia?"

"Mimi? Mimi niliambiwa nilete jiwe."

"Nami niliambiwa nisiulize."

Wakatazamana. Mama alikuwa makaburini kando ya barabara, mmoja wa wale watatu, na mkunga alikufa kabla yake. Hasina aliita kutoka jikoni kwamba muhogo umeiva, akaita tena.